Wimbo wa Friji Usio na Friji

Lorna Stransky alimshika Verna mkono, akamvuta mpaka stoo ya nyuma ya ukumbi, akaufunga mlango kwa kisigino. Stoo ilikuwa na mapipa ya bia, viti vya chuma vilivyovunjika miguu, na harufu ya kabichi iliyochacha. Nje, katika matope na theluji chafu ya mwezi Machi, wanaume wa parokia walikuwa wakikoroga supu ya kuku kwa makafi ya mitumbwi, na kelele zao zilipenya ukutani.

"Dada Verna, nina neno. Tafadhali usinikatize."

"Sikukatizi."

"Baba anapotea katikati ya nyimbo."

Verna akacheka. "Mwenzangu, juzi nimetafuta miwani nyumba nzima, kumbe nimeiweka ndani ya tanuri na mkate. Mzee anakaribia themanini. Asipotee yeye, apotee nani?"

"Umeshanikatiza."

"Haya. Sema."

Lorna aliketi juu ya pipa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye mdomo mwembamba kama wa babake. Verna alimwona amekonda tangu mwaka jana.

"Kama angekuwa anasahau maneno ningejua la kufanya," Lorna alisema. "Ningembandikia karatasi chini ya kipaza sauti, kama wanavyofanyiwa wazee wengine. Lakini hasahau, Verna. Anaimba wimbo wa wenyewe."

Verna hakucheka tena.

Kazi ya Emil Stransky ilikuwa hiyo moja tangu ujana wake: kuchukua wimbo wa watu, wimbo mzito wa mapenzi au wa kufiwa, kuyaacha mahadhi yake yalivyo, na kuutia maneno ya upuuzi. Alikuwa na kodiani, kile kinanda cha kuvutwa na kubanwa kifuani, tai ya kipepeo, na uso wa mtu anayesoma wasia. Wengine waliiba. Emil aliomba. Hakupata kuuchezea wimbo wa mtu asimwendee kwanza kumtaka ruhusa. Alipoutaka wimbo wa Vaughn Tillery, mwimbaji mashuhuri wa mapenzi, alisafiri mpaka Tennessee, akamkuta bwana mwenyewe anaosha mbwa, akakunja mikono ya shati akamshikia mbwa. Walipomaliza wote wawili walikuwa wameloa, na ruhusa ikatolewa hapo hapo, juu ya beseni.

Sasa mzee huyo, Lorna alieleza, alikuwa ameanza kuteleza. Maneno yake ya upuuzi yalikuwa yakichomoka, na chini yake yakawa yanatokea yale ya mwanzo, kama rangi ya zamani inapojitokeza ukutani mvua ikinyesha. Kwenye onyesho la mji wa Dubuque ilimpata kwa mstari mmoja. Huko La Crosse, ubeti mzima, kisha akashtuka akarudi njiani, na watu wakadhani ni mbwembwe.

"Kwa nini basi usilivunje onyesho la leo?"

"Nimejaribu. Amevaa viatu vya jukwaani tangu alfajiri. Amekula uji na viatu hivyo." Lorna alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Sikiliza. Nimeongea na Gib wa mitambo. Nikimwashiria tu, anakata umeme wote. Tutasema fyuzi imeungua. Jumba bovu kama hili nani atashangaa? Taa zikizimika nampeleka baba nyuma, na hapandi tena jukwaani. Hilo nimeshalikatia shauri. Ila sitaki ashuke kwa kuchekwa. Umri wake wote watu wamecheka nyimbo zake. Wasije wakamcheka yeye."

"Na mimi naingiaje?"

"Mimi siwezi kumjua kama amepotea. Nyimbo zile nimezikimbia tangu utoto. Shuleni waliniita Friji kwa ajili ya wimbo wake, unajua hilo? Halafu kila mji anabadilisha. Hapa ataingiza jina la padri wenu, kule jina la meya. Nikisikia neno geni sitajua kama ni utani mpya au ndiyo imeshatokea. Wewe utajua kabla yake mwenyewe. Kaa mbele. Akipotea asirudi, simama. Ukisimama tu, nakata."

Verna alitazama viti vibovu. Alitamani kumwambia Lorna amtafute mwingine. Lakini alijua hakuna mwingine.

Alimsikia Emil mara ya kwanza akiwa binti wa miaka kumi na moja, mwaka ambao ng'ombe wao wa maziwa waliugua wakapigwa risasi mmoja mmoja. Baba yake hakuwa msemaji, na majira hayo alinyamaza kabisa. Asubuhi moja redio ya jikoni ikapiga wimbo wa Tillery, ule uliokuwa ukiliza watu nchi nzima, na mama akanyoosha mkono auzime. Kumbe hakuwa Tillery bali Emil, na mpenzi anayemlilia ni friji. Ulipofika kwenye soseji na paka, maziwa yalimtoka baba puani. Alicheka mpaka akashika meza. Verna na mdogo wake Duane walikaa kimya wakimwangalia kama watu wanaoangalia kuku anayeongea.

Tangu siku hiyo Emil akawa mtu wa kwao. Verna aliendesha lori la maziwa miaka na miaka akimwimba njia nzima. Alimwimba alipokuwa akisukumwa kwenye machela kwenda kupasuliwa, mpaka muuguzi akamwambia, "Mama, nyamaza, tutacheka tukukate mahali sipo." Alimwimba, kwa kunong'ona, siku aliyomzika mumewe. Na hakuwa peke yake. Ukumbi huu wa Zelenka, nje kidogo ya mji wa Kewaunee, ulijaa watu wa namna hiyo kila mwaka Emil alipokuja: wakulima, wauza matrekta, walimu wastaafu, watu waliokuja mara ya kwanza wamebebwa mgongoni na sasa wana wajukuu.

Walijiita Mawe.

Jina lilitokana na mchezo wao. Wimbo wa friji ulipofika, Emil aliimba mistari miwili ya kwanza kwa maneno ya Tillery, kwa uso mkavu, na ukumbi mzima ulikaza uso vilevile, mkono kifuani, kana kwamba wako kanisani. Kisha kodiani ilicheua, prrrup, kama mlevi aliyeshiba, na maneno ya friji yakaingia. Hata hapo Jiwe halicheki. Linakaza. Linakaza mpaka mmoja ashindwe, na huyo wa kwanza kuangua kicheko anaitwa Kokoto mwaka mzima, na ndiye atakayekoroga supu mwaka unaofuata. Duane alikuwa amekuwa Kokoto mara nyingi hata aproni ya supu ilikaa kwake. Verna hakupata kuwa Kokoto hata mara moja.

"Nitasimama," alimwambia Lorna. "Kama ikibidi."

"Ikibidi ni ikibidi, Verna. Usinionee huruma wala usimwonee yeye."

Mlango ukafunguliwa. Emil mwenyewe alikuwa amesimama hapo, kodiani kifuani, tai imekaa upande.

"Mnanisengenya," alisema. Akamtazama Verna, macho yakamng'aa. "Verna Kostichka! Bado hujacheka?"

"Bado, mzee. Nangoja uchekeshe."

"Mjeuri huyu! Lorna, umeona ninavyotukanwa na wateja wangu?"

Akaenda zake akipiga mluzi. Verna alimgeukia Lorna kwa furaha: anajua jina langu, umeona? Lakini Lorna alikuwa akiangalia viatu vya babake. Kamba za kimoja zilikuwa zimefungwa mafundo matano au sita, moja juu ya jingine.

*

Ilikuwa Jumapili mchana, na mwanga wa madirisha marefu uliingia ukumbini ukachanganyika na taa za jukwaa. Verna alikaa safu ya mbele, Duane kulia kwake, amevaa kofia yake ya sufu ya kijani na njano ambayo haivui hata kwenye misa.

"Mbona umekakamaa hivyo, dada?" Duane aliuliza. "Mchezo wenyewe bado."

"Nyamaza, Duane."

"Ni tumbo? Nilikwambia usile jibini ile ya kukaanga, ile ya gari jekundu."

"Duane, nitakupiga ngumi mbele ya padri."

Emil akapanda. Watu walipiga kelele mpaka vioo vikatetemeka. Akaanza na wimbo wa daktari wa meno, na Verna alimfuata neno kwa neno, kucha zimezama viganjani. Mstari kwa mstari mzee alipita salama. Akaja wimbo wa mama mkwe na mashine ya theluji. Salama. Akaingiza jina la Padri Ziemer mahali pa jina la mlevi, padri akainuka akainama, watu wakafa kwa kucheka. Verna naye alicheka, ila kicheko chake kilikuwa kikikatika kila mara njiani, maana kila mstari ulipokwisha kulikuwa na mwingine unakuja.

Akamtazama Lorna. Alikuwa pembeni mwa pazia, na nyuma yake Gib, mkono kwenye sanduku la swichi.

Nyimbo zilikwenda. Mabega ya Verna yakaanza kushuka. Labda huko La Crosse alikuwa amechoka tu, alijiambia. Labda binti naye anaona mzimu kwenye kila kivuli. Ndipo Emil alipoinyoosha tai yake, akakaza uso, na ukumbi mzima ukanyamaza kwa pamoja. Mikono ikapanda vifuani. Simu nazo zikapanda juu, maana siku hizi watu wanapenda kumnasa Kokoto kwenye picha.

Kodiani ikavuta pumzi. Emil akaimba:

*Nirudie, mpenzi, theluji haijayeyuka,*
*nyayo zako mlangoni bado hazijafutika.*

Verna alingoja kodiani icheue.

Haikucheua.

*Taa nimeiacha inawaka, moto haujazimika,*
*nirudie, mpenzi, kabla moyo haujavunjika.*

"Aisee," Duane alinong'ona kwa pembe ya mdomo. "Leo anatukomesha." Mabega yake yalikuwa yameanza kutikisika.

Kwa Mawe hii ilikuwa mbinu mpya. Mzee anawachelewesha. Anawakaanga taratibu. Watu walizidi kukaza, mashavu yamejaa hewa, na huku na huku sauti ndogo za pua zikisikika. Kila mmoja alikuwa akingoja soseji. Verna peke yake ndiye aliyejua kwamba soseji haziji. Aliyaona macho ya Emil. Mtu anayechelewesha utani huwa ana cheche fulani machoni, amekuvizia. Emil hakuwa akimvizia mtu. Alikuwa ameondoka, amekwenda ndani ya wimbo kama mtu aliyeingia nyumba aliyoishi zamani.

Simama, Verna alijiambia.

Hakusimama. Ubeti wa pili ukaanza.

*Mto wote umeganda, nimevuka kukutafuta,*
*jina lako nimeliita, upepo ukalifuta.*

Lililomshika kitini ni sauti. Miaka yote ile hakujua kama Emil ana sauti. Alimjua akikoroma, akipiga kwikwi, akibana pua. Kumbe chini ya makelele yale kulikuwa na sauti nene, tulivu, ya mtu ambaye angeweza kuimba mapenzi na watu wakalia, naye akachagua kuwachekesha. Angesimama, sauti ile ingekatika, na asingeisikia tena. Hakuna ambaye angeisikia tena.

Lorna alikuwa akimtazama. Hakuuliza kwa mdomo. Aliuliza kwa nyusi.

Nyuma kidogo mtu mmoja mwenye ndevu, mgeni, alimnong'oneza mwenzake kwa sauti ya juu kuliko alivyodhani: "Huyu mzee yuko sawa kweli?" Na simu yake akaipandisha juu zaidi.

Verna akasimama.

Taa zikazimika. Kipaza sauti kikafa kwa mlio mdogo. Watu wakaguna, na jumba likabaki katika mwanga wa kijivu wa madirisha.

Lakini kodiani haihitaji umeme.

Hilo Gib hakulifikiria, wala Lorna, wala Verna. Emil alianza kazi katika majumba ya dansi yasiyo na hata balbu, akishindana na miguu ya watu mia wakicheza polka. Kukosa umeme kwake si kitu. Hakupepesa hata jicho. Aliikunjua kodiani kifua kizima, akainua kichwa, na wimbo ule mzito ukajaa ukumbi mpaka kwenye mbao za dari, sasa bila chombo chochote kati yake na masikio ya watu:

*Nirudie, mpenzi, theluji inayeyuka...*

"Jamani!" mwanamke mmoja alisema nyuma, na hakuwa akicheka.

Lorna akatoka pembeni. Alitembea jukwaani kwa hatua fupi, mkono mbele, kama mtu anayemwendea farasi aliyekata kamba. "Baba. Tumalizie hapa. Umeme umekatika."

Emil akamwona. Akarudi nyuma, kodiani ikatoa sauti mbaya. "Bibi, tafadhali," alisema kwa adabu. "Nipo kazini. Ngoja chini na wenzio."

Wachache wakacheka. Kilikuwa kicheko cha watu wasiojua kama kinaruhusiwa, kikafa mara. Lorna alisimama pale pale, mkono bado uko hewani.

Sasa mzee aliwageukia Mawe. Aliwaangalia safu kwa safu, nyuso zote zile kavu, mikono vifuani, na mtu angeweza kuona woga unavyompanda kutoka shingoni. Miaka yote alikuwa anaujua ukumbi. Akisimama mbele ya watu alijua yuko wapi kwa kusikia wanacheka wapi.

"Mbona hamcheki?" aliuliza.

Mchezo ulikuwa umekwisha na kila mtu alilijua hilo kwa wakati mmoja, lakini hakuna aliyejua uso aufanye nini. Mikono ilibaki vifuani kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuiweka.

"Nimekosea?" Emil alisema. "Lorna yuko wapi? Mwiteni Lorna."

"Niko hapa, baba," Lorna alisema, na sauti ikamvunjika.

Yule mwenye ndevu akapasua kicheko. Kilikuwa kifupi, cha puani, na hakikuwa cha wimbo.

Verna alisikia kicheko kile mgongoni kama jiwe limemfikia. Alikuwa bado amesimama. Hakuwa na mpango. Alijua tu kwamba kicheko cha pili kikija, cha tatu hakitazuilika, na Emil atashuka nacho mpaka kaburini. Akaupeleka mkono kifuani. Akakaza uso, uso wake ule mashuhuri ambao Kewaunee nzima haikupata kuuvunja. Kisha kwa sauti yake, ambayo kwaya ya parokia ilikuwa imemwomba kwa upole asiilete, akaimba:

*Nirudishie friji, siagi inayeyuka,*
*soseji ziko mezani na paka amezishika...*

Emil akageuza kichwa.

Vidole vyake vikaanza vyenyewe. Vilipata mahadhi chini ya sauti mbovu ya Verna, vikaibeba, vikaisubiri ilipochelewa. Na uso wake ukakaza. Alikuwa anasikiliza. Alimsikiliza Verna kama vile Mawe walivyomsikiliza yeye, kwa heshima yote, nyusi zimekaa sawa, kama mtu aliye msibani.

*Umekwenda, nenda salama, mimi sikusikitika,*

Alimkazia Verna macho, naye Verna akamkazia. Kona ya mdomo wa mzee ikacheza kidogo. Akaibana. Ikacheza tena.

*ila friji, mpenzi, friji! Bia yangu inachemka!*

Emil Stransky akaangua kicheko. Kilimtoka kama maji yaliyopasua bomba. Alicheka mpaka kodiani ikacheka naye, ikibanwa na kuachiwa tumboni mwake, prrrup, prrrup, na machozi yakamshuka mpaka kwenye tai. "Bia!" alisema. "Bia inachemka! Ah, Mungu wangu!"

"Kokotooo!" Duane akanguruma, amesimama juu ya kiti.

Basi jumba likalipuka. Watu walicheka kwa utani, na kwa kuponea chupuchupu, na kwa kuwa mzee anacheka, na hicho kilikuwa kicheko cha kweli, kile anachokijua. Emil alikisikia akanyooka mgongo. Rangi ikamrudi usoni. Alijua tena yuko wapi.

Akamwonyesha Verna kwa kidole. "Huyu mama ni moto! Njoo huku juu, mama. Nani anakutungia?"

Ukumbi ukacheka zaidi. Verna hakucheka. Wala Lorna. Wawili hao tu ndio waliosikia kwamba mzee ameuliza swali na anangoja jibu.

Verna akapanda zile ngazi tatu za mbao. Uso aliushika.

"Kuna bwana mmoja," alijibu. "Ameniandikia tangu nikiwa mtoto."

"Mlipe vizuri," Emil alisema kwa makini. "Watu wa namna hiyo ni wachache. Aliomba ruhusa?"

"Kila mara, mzee."

"Safi. Wengine huiba." Akaweka vidole kwenye vitufe. "Haya, nipe mwingine. Nitakufuata."

Verna alimwona Lorna pembeni. Lorna alitikisa kichwa: hapana, basi. Na Verna mwenyewe alitaka kuendelea. Alikuwa nazo zote kichwani, wa daktari wa meno, wa mama mkwe, wa mlevi, angeweza kumrudishia mmoja baada ya mwingine mpaka jua lizame, naye angezicheka zote kama mpya. Lakini kwa mara ngapi? Na nani atacheka, na nani atashika simu? Mbele yao watu bado walikuwa wakipiga makofi.

Akamwinamia sikioni. "Mzee, wanacheka," alisema. "Si ndipo msanii anapoondoka?"

Emil alifikiri. Ilikuwa sheria ya kazi, na sheria ya kazi bado ilikuwa mahali pake. "Ndipo," alisema. "Ukingoja wanyamaze umechelewa." Akamtazama Verna kwa upole, kama mkongwe anavyomtazama anayeanza. "Piga goti kidogo, mama. Usikimbie. Watu hawapendi anayekimbia."

Wakainama pamoja. Emil akamwachia mbele, akarudi nyuma hatua moja, akampigia makofi. Kisha akatoka kupitia pazia, huku akimpigia makofi bado, na Lorna akalifunga pazia nyuma yake.

*

Hawakuweza kumfikisha kwenye gari. Watu walikuwa wameanza kumwita. "Emil! Emil!" na miguu ikipigwa sakafuni, mbao zikinguruma, na mzee akasimama katikati ya stoo na kodiani yake, akatega sikio.

"Wanamwita nani?"

Lorna alikuwa ameshika kitasa cha mlango wa nje. Alimtazama Verna kwa hasira iliyochanganyika na kitu kingine. "Ulichelewa," alimwambia kwa sauti ya chini. "Karibu beti mbili. Nilikuwa nakutazama."

"Nilichelewa," Verna alisema.

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unasikiliza alivyokuwa anaimba?"

Lorna aliinamia kitasa. "Sikujua ana sauti ile," alisema. "Nyumbani hakupata kuimba."

"Wanamwita nani?" Emil aliuliza tena, na sasa alikuwa ameanza kugeuka kuelekea jukwaani, kwa sababu mwili wake ulizijua kelele zile hata kama yeye hakuzijua. Mkono mmoja ulikuwa tayari kwenye mkanda wa kodiani.

"Nakwenda mimi," Verna alisema. "Mshike."

Alirudi peke yake. Alipotokea kwenye pazia wakashangilia, kisha wakaona hakuna mtu nyuma yake, wakapungua. Alisimama katika mwanga ule wa madirisha. Duane alikuwa bado juu ya kiti, kofia mkononi.

"Mzee amechoka," Verna alisema. "Anawashukuru. Nendeni mkale, supu itapoa."

Wakangoja. Walikuwa wamezoea kwamba ukifika hapo kuna kitu kingine, kuna kodiani itakayocheua. Verna aliona wanavyoukaza uso, baadhi yao, kwa mazoea tu, wakisubiri utani uingie. Naye akajitahidi kuukaza wake. Aliushika hapo kwa nguvu zote alizokuwa nazo, macho kwenye ukuta wa nyuma, na ukamponyoka. Mdomo ulikwenda upande. Akaweka kiganja juu yake, lakini wote walikuwa wameona.

Padri Ziemer alivua miwani yake. Mwanamke mmoja wa safu ya tatu, aliyekuwa na simu mkononi, aliitazama simu ile, akabonya kitu, akaitia kwenye mkoba. Aliyekaa jirani yake akafanya vilevile. Yule mwenye ndevu aliona watu wawili wazima, wakulima wenye shingo kama magogo, wamemgeukia bila kusema lolote. Akasema, "Nimefuta, nimefuta," na akawaonyesha.

Duane akashuka. Alikunja kiti chake cha chuma, klak, akakiegemeza ukutani. Akakunja cha Verna. Watu wa kule hawaachii wengine viti vya kukunja. Safu ya pili ikaanza, kisha ya tatu, klak, klak, na hakuna aliyekuwa akiongea, walipokezana tu viti mkono kwa mkono mpaka ukutani, na nje kupitia kelele hizo Verna alisikia mlango wa gari ukifungwa, na injini ikiwaka.